Watu wa Bwana Rangi

Ukitaka kusikia ubaya wa Bi Ghaniya binti Soud, nenda kwa wifi yake, Alya. Atakukaribisha, atakumiminia kahawa, na kabla kikombe hakijapoa atakuwa ameshakwambia kwamba wifi yake ni mbishi, kwamba tangu alipostaafu ualimu wa kuchora katika skuli ya wasichana hapo Ibra, Oman, hana kazi ila kuwapinga watu, na kwamba lau si heshima ya ukubwa angekuwa ameshampa vidonge vyake. Vidonge ameshampa mara nyingi, lakini hilo hatakutajia. Na ukitaka kusikia uzuri wa Bi Ghaniya, nenda kwa Alya huyo huyo siku anayoumwa, maana hakuna mwengine anayemvumilia akiwa mgonjwa ila wifi yake.

Ugomvi wao wa miaka yote ni wa kitu kimoja kilichotundikwa ukutani. Nyumba anayokaa Bi Ghaniya ndiyo nyumba kubwa ya ukoo. Yeye ndiye mkubwa, mdogo wake Khalaf, mume wa Alya, ana nyumba yake mtaa wa pili, na kila posa, kila hitima, kila Idi, watu hukusanyika kwa Ghaniya. Ukiingia ukumbini, mkabala na mlango, unakutana na picha ya rangi ya mafuta, si kubwa, mtu mmoja anaibeba. Ndani yake wamekaa watu watatu juu ya baraza la nyumba ya mawe, Unguja ya zama za masultani: mwanamme wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu, kavaa kanzu, na kilemba kimemkaa upande; mkewe, maji ya kunde, kajitanda ushungi na anamtazama mtazamaji kama anayedai jibu; na mtoto mwanamme mapajani. Shingoni mwa kila mmoja umepita mstari mwembamba mweusi, kutoka upande hadi upande, kama uzi.

Mwanamme huyo ni baba wa babu yake Ghaniya. Alikuwa Mholanzi, mchoraji, na jina alilozaliwa nalo watu wa Shangani walilijaribu wakalishindwa. Alikuja Unguja kuchora bandari na majumba kwa kuagizwa na tajiri mmoja wa kwao, akashikwa na homa, meli yake ikamwacha. Aliyemchukua nyumbani ni Mwarabu wa hapa hapa Ibra, mwenye mashamba ya karafuu huko, na binti wa nyumba hiyo, Zuwena, ndiye aliyekuwa akimpelekea uji mlangoni. Uji ulizidi siku za ugonjwa. Mholanzi akapona, akasilimu, akaitwa Abdulrahman, akapewa Zuwena, na mji ukasema mpaka ukachoka. Ndugu yake alimfuata kutoka Ulaya kuja kumrudisha. Akala biriani, akashiba, akarudi peke yake. Jina la Abdulrahman lilitumika msikitini tu. Mjini, kwa sababu kanzu yake haikukosa madoa hata siku ya Ijumaa, aliitwa Bwana Rangi, na wanawe na wajukuu wake wakaitwa watu wa Bwana Rangi.

Zuwena hakuwa mwanamke wa kuchukuliwa hivi hivi. Alimwambia mumewe wazi kwamba yeye halali nyumba moja na watu wasiopumua wanaomtazama. Mume naye hakujua kazi nyengine duniani. Wakasuluhishana: Bwana Rangi atachora, na kila picha itakayobaki nyumbani, Zuwena ataishika brashi mwenyewe na kuwapitishia mstari shingoni. Aliyekatwa shingo hana roho, na asiye na roho hamdhuru mtu. Wazee wa msikiti waliulizwa, wakaguna, wakaacha. Picha za mabalozi wa Kizungu zilikwenda zao na shingo nzima. Hizo zilikuwa za riziki. Za nyumbani zote zilikatwa. Katika hii iliyobaki, mstari wa mtoto ni mwepesi kama unywele, wa mume ni mnene, na ukoo unasema siku hiyo walikuwa wamegombana. Wake mwenyewe umenyooka. Bi Ghaniya, aliyefundisha wasichana kushika brashi umri wake wote wa kazi, anajua maana ya mstari ulionyooka hivyo. Mwanamke yule alijikata shingo kwenye picha na mkono haukutetemeka. Kila anapoutazama, roho yake inasimama wima.

Mwaka wa sitini na nne, mwaka wa mapinduzi, mama yake Ghaniya, Bi Fawziya, aliibandua picha kwenye fremu, akaikunja ndani ya godoro la sufi na kulishona. Bandarini mkaguzi alilichoma godoro kwa kisu kutafuta dhahabu. Kitundu bado kipo pichani, penye nguzo ya baraza. Bi Fawziya aliacha vyombo, akaacha masanduku, akaacha nyumba yenyewe, na alipoulizwa miaka ya baadaye kwa nini alibeba picha, alisema vyombo vinauzwa popote.

Walifika Oman miaka ya sabini, nchi ilipofungua mlango, na hapo ndipo Bwana Rangi alipoanza kuwa tatizo. Huku kila mtu huulizwa kabila lake kabla hajaulizwa hali yake. Watu wa Bwana Rangi hawakuwa na kabila la baba. Jamaa za Zuwena wa Ibra, Mungu awape kheri, waliwakubali, wakawapa jina lao, na ndilo lililoandikwa kwenye vitambulisho mpaka leo. Lakini mji mdogo una masikio makubwa. Watu walinong'ona kwamba wale wana jina la kuazima.

Ghaniya alikuwa msichana alipokuja kuposwa na watu wa Nizwa. Watu wazuri, wenye mashamba ya mitende, na kijana mwenyewe alimpendeza. Mama wa kijana aliuliza babu zenu nani, na Ghaniya, ambaye hakuna aliyemfundisha kujibu vyengine, akamwambia yote, tangu homa mpaka uji. Wageni walikunywa kahawa yao, wakashukuru, wakaenda, hawakurudi. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Baba yake, Soud, ambaye alikuwa na macho ya kijani ya babu yake na aliyachukia, alimwita akamwambia kwamba siku nyengine wakiuliza, sema Mturuki.

Uongo ulikuwa mzuri, hapana budi kusema. Mturuki aliyaeleza macho, aliieleza rangi, na alikuwa Mwislamu tangu kuzaliwa. Ukoo mzima uliupokea kama mvua. Na Mturuki huyo akakua. Kwa Khalaf alikuwa ofisa wa jeshi; kwa binamu zao wa Maskati alishafika cheo cha pasha. Ni Ghaniya peke yake aliyekataa. Alisema baba wa babu yake alikuwa mchoraji Mholanzi, alimwacha mama yake na nchi yake kwa ajili ya mwanamke na dini, na kwamba mtu wa namna hiyo hastahili kuvuliwa jina na vitukuu wanaokula kwa jina la mkewe.

Basi akakaa. Wenzake waliolewa, yeye akafundisha. Hata alipokuja Amur, fundi wa umeme, Mwomani wa Bujumbura, Ghaniya alimwambia habari yote kabla hajakalishwa kitako. Amur alimsikiliza, akacheka, akasema, "Mimi natoka Burundi, bibie. Kwetu kila familia ina stori yake. Hiyo si problem." Akamwoa. Walikaa kwa raha, hawakujaaliwa mtoto, na Amur alipofariki Ghaniya alibaki na nyumba kubwa, picha, na Mazoon.

Mazoon ni binti wa Khalaf na Alya, wa mwisho. Alikulia zaidi kwa shangazi yake kuliko kwao, akijifunza kuchora mezani huku wakubwa wakigombana juu ya kichwa chake. Sasa anafanya kazi chuoni hapo Ibra. Ni msichana asiyesema sana. Na Mazoon akapendwa, na yeye akapenda: kijana anaitwa Ghaith, wa Jalan Bani Bu Hassan, mwongoza wageni kule Ras al Jinz wanakotaga kasa. Watu wa Jalan si watu wa Unguja. Kabila lao linajulikana mpaka mababu ambao hakuna anayewakumbuka. Wakatuma habari kwamba watakuja kuposa.

Hapo Khalaf alimjia dada yake akiwa na sura ya mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema."

"Sijasema neno."

"Umekuja saa ya kulala mchana, umevaa kilemba. Sema."

Khalaf alikaa, akazungushazungusha bakora yake. "Ni mchana mmoja tu, dada. Iteremshe mchana mmoja, wakishaondoka uirudishe. Mimi mwenyewe nitakuja kuitundika."

"Siiteremshi."

"Hawa watu si kama sisi. Wakiona Mzungu ukutani na jina letu la Kiarabu wataanza kuuliza. Unajua watakavyouliza. Yalikufika wewe."

"Yalinifika mimi, nami nipo, sikufa."

"Na Mazoon je? Unataka akae kama ulivyokaa wewe?"

Hilo lilimchoma. Khalaf aliliona limechoma, akaona haya. Ghaniya alimwambia aende zake nyumbani, na alipokwenda alikaa jikoni peke yake na kahawa akaiacha ipoe. Alikuwa akiogopa, hakuna haja ya kuficha. Alimpenda Mazoon kuliko ukuta wowote. Jioni alimwuliza mwenyewe.

"Mwanangu, picha hii niiteremshe?"

Mazoon alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Shangazi, mimi sitaki makelele. Picha ni wako. Wewe ndo utasema."

"Yako," Ghaniya alimsahihisha, mwalimu hafi. "Picha ni yako."

"Aiwa. Ni yako," alisema Mazoon, akaendelea kukuna.

Asubuhi ya siku ya posa Khalaf alikuja na mtego. Hakuna neno jengine la kuuita. Alibeba fremu kubwa ya Ayatul Kursi, imedariziwa kwa nyuzi za dhahabu juu ya mahameli nyeusi, kubwa kuliko picha, na bila kusalimu akaitundika mbele ya picha, ikaifunika yote. Akarudi nyuma, akajipukusa mikono. Ulikuwa ufundi wa kweli. Nani atathubutu kuondoa aya ukutani ili amtoe Mzungu? Alya, aliyekuja kupanga halua na matunda, aliinamia sahani ili wifi yake asimwone anavyocheka.

Bi Ghaniya aliitazama aya muda. Kisha akakwenda msalani, akatia udhu, akarudi, akaishika ile fremu kwa mikono miwili, akaibusu, akaiteremsha.

"Hii haiwi pazia," alisema. "Maneno ya Mwenyezi Mungu umeyafanya kitambaa cha kufunikia, Khalaf, na wewe unasali swala tano. Leta ngazi."

Akamfanya mdogo wake, mtu mzima, apande ngazi, aitundike aya juu kabisa ya ukuta, karibu na dari, mahali pa heshima yake. Bwana Rangi na mkewe na mtoto wao wakabaki chini yake pale pale walipo, wanaonekana vizuri zaidi, maana sasa jicho la mgeni litavutwa na dhahabu kisha lishuke. Khalaf aliteremka akitweta. Alya hakucheka tena.

Wageni waliingia baada ya swala ya alasiri. Wanaume walikwenda majlisi ya nje na Hazim, baba wa kijana. Wanawake waliletwa ukumbini, na aliyewaongoza ni mama wa kijana, Shukriya, mwanamke mwembamba, mtulivu, mwenye buibui la gharama na macho yanayohesabu. Alikalishwa mahali pa mkubwa, yaani mkabala na picha. Udi ukapitishwa, kahawa ikazunguka. Mazoon aliingia, akasalimu, akaangaliwa, akatoka. Mazungumzo yalikuwa ya Kiarabu, ya mvua na barabara ya Sur na bei ya dhahabu. Kisha mmoja katika wale wanawake akauliza kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, yule pale ni nani.

"Babu wa babu zetu," alidakia Alya, kwa Kiarabu, kabla wifi yake hajafungua kinywa. "Mturuki. Alikuwa ofisa mkubwa."

Sasa watu wa Unguja wa Oman wana tabia moja. Wakitaka kugombana mbele ya wageni, wanagombana kwa Kiswahili. Kiswahili ndicho chumba chao cha uani: wanaingia humo, wanatukanana, wanatoka wakitabasamu, na wageni wa Kiarabu wanadhani wameulizana sukari. Bi Ghaniya aliingia chumba hicho akiwa na tabasamu na sahani ya tende mkononi.

"We mwanamke, uongo huu utaufikisha wapi? Mara ofisa, kesho utamfanya sultani."

"Wifi yangu, nyamaza," alisema Alya, naye akitabasamu. "Nyamaza kwa ajili ya Mungu. Mwanangu anaolewa."

"Anaolewa kwa uongo."

"Kwani wewe kweli yako ilikuoza nani? Fundi umeme."

"Fundi umeme aliyekaa kwenye kiti akajua kakaa kwa nani. Mwambie ni Mholanzi, Alya. Mwambie ni mchoraji. Mwambie kasilimu kwa ajili ya mwanamke na jina tunalokula ni la mke. La, nitamwambia mimi."

"Utamwambia nami nitakwenda kujitupa kisimani. Watu hawa wana majina mpaka kwa Nabii Nuhu, sisi twende tukawaambie babu yetu alikuwa mpaka rangi?"

"Bi Ghaniya," alisema Shukriya, kwa Kiswahili. "Tende zimeinama, zitamwagika."

Alya alibaki na tabasamu usoni kwa sababu alisahau kulitoa. Wale wanawake wengine waliokuja na Shukriya walitazamana. Ilikuwa dhahiri kwamba hata wao hawakujua.

Shukriya alitua kikombe chake. Alisema taratibu, kwa Kiswahili cha Pemba, cha kizamani, safi, ila kilikuwa kikitoka kwa kujivutavuta kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Bibi yangu mzaa mama katoka Wete. Ndiye kanilea. Nimeolewa Jalan, sijasema Kiswahili mbele za watu tangu siku ile, hata mume wangu hajui kama nasema. Si kwamba naona haya kwa bibi yangu. Ndivyo watu wanavyokaa na watu. Kila mmoja ana lake, kaliweka ndani, anaishi. Nanyi mngeliweka lenu ndani, tungekunywa kahawa tukaondoka kwa salama." Akamgeukia Ghaniya. "Mwanangu anamtaka mtoto wenu, nami nimempenda. Hiyo picha sikuiona. Siku ya milka, ndoa ikifungwa, nisiione."

"Umeiona," alisema Ghaniya.

"Nakupa njia, bibi."

"Njia hiyo naijua, nimepewa tangu msichana. Umekaa nao uso kwa uso tangu alasiri. Umewaona."

Shukriya aliinuka, akajifunga buibui lake, akashukuru kwa Kiarabu, akaenda.

Zilizofuata zilikuwa siku mbaya. Alya hakusema na wifi yake. Khalaf alipita mlangoni bila kuingia. Mazoon alikwenda kazini na kurudi, na macho yake yalikuwa yamevimba, lakini hakumlaumu mtu, na huko kutolaumu ndiko kulikomuumiza shangazi yake kuliko kelele zote za Alya. Bi Ghaniya alijiuliza kama kweli yake ni kweli au ni ukaidi wa mwanamke aliyekataliwa ujanani ambaye sasa anamlipisha mtoto wa mwenziwe. Alijiuliza kwa ukali, kama alivyokuwa akiwauliza wanafunzi. Alichokijua ni kwamba akiiteremsha picha ile, Zuwena ataingia tena godoroni, na safari hii atakuwa ameshonwa na kitukuu wake mwenyewe.

Habari ikaja kutoka Jalan kwamba wamekubali. Siku ya milka ikapangwa, kwenye nyumba kubwa kama ada. Sharti la mama wa kijana ni lile lile: ukuta uwe mtupu.

"Dada," alisema Khalaf, na safari hii alikuwa karibu kulia. "Utamvunjia mtoto ndoa."

"Waje. Nyumba ni yangu na ukuta ni wangu. Akitaka Shukriya nitamkalisha ageuke upande wa pili."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya milka Shukriya aliingia, akaona hakuna kilichoteremshwa, akasimama kidogo, kisha akachagua kiti na kuipa picha mgongo. Aliwasalimu wote kwa Kiarabu. Wanawake wa Ibra na wa Jalan waliujaza ukumbi. Manukato, dhahabu, watoto wakipita chini ya mikono. Mazoon alikaa katikati amefunikwa shela la kijani. Majlisi ya wanaume ilikuwa upande wa pili wa mlango, na mlango uliachwa wazi kidogo ili sauti zisikike.

Sheikh alimaliza hotuba yake. Akawatuma mashahidi wawili waje kumsikia bibi harusi kwa masikio yao. Walisimama nyuma ya mlango, macho chini. Mkubwa wao, mzee anayeitwa Wadhah, aliuliza kwa Kiarabu fasaha kama Mazoon binti Khalaf ameridhia kuolewa na Ghaith bin Hazim.

"Nimeridhia," alisema Mazoon. "Na nina sharti."

Wadhah aliitikia kwa kichwa. Masharti yapo, na kila msichana wa siku hizi analo lake: aendelee na kazi, awe na nyumba yake mwenyewe. Alisubiri.

"Picha ya wazee wangu iliyopo ukutani hapa niende nayo," alisema Mazoon. Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake, na hakupandisha sauti. "Itundikwe ukumbini kwangu, pale wanapokaa wageni, na asiiteremshe mtu. Iandikwe katika mkataba."

Alya alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa mguu. Shukriya hakugeuka, ila kikombe alichokishika hakikufika mdomoni.

Mzee Wadhah alifikiri. Alikuwa mtu wa haki na aliijua kazi yake. "Mtu hushurutisha kilicho chake, binti yangu. Picha ni yako?"

Wanawake wote walimtazama Bi Ghaniya. Hakuulizwa kabla, hakujua. Aliyekuwa amekataa kuiteremsha mchana mmoja alikuwa sasa anatakiwa kuiteremsha moja kwa moja, aamke kesho na ukuta mweupe, yeye na nyumba kubwa na hakuna wa kumtazama. Hilo lilimpita mwilini kama baridi. Na nyuma yake ikaja furaha kubwa, kwa sababu kumbe miaka yote ile, mezani, wakati watu wazima wanagombana, mtoto alikuwa anasikiliza.

"Ni yake," alisema Bi Ghaniya.

Mashahidi walirudi majlisini. Wanawake walisikia Wadhah akilisema sharti. Kisha sauti nzito ya Hazim: "Picha gani tena?"

"Ya wazee wake, baba," ilijibu sauti ya Ghaith. "Babu yao alikuwa Mholanzi, mchoraji. Kaniambia yote tangu mwanzo."

"Mholanzi?" alisema Hazim. "Si Mturuki?"

"Mholanzi. Na mimi nimelikubali sharti."

Hazim alikohoa. Alikohoa tena. Kisha akamwambia sheikh aandike, watu wana safari ya kurudi Jalan. Vigelegele vilivyofuata havikuwa vya Alya, maana Alya alikuwa analia, lakini baadaye aliviongeza vya kwake, na vilikuwa virefu kuliko vya wote.

Bi Ghaniya hakungoja. Aliburuta kiti mpaka ukutani, akavua viatu, akapanda. Wasichana walikimbilia kumshika, akawafukuza kwa mkono. Aliishika picha pande mbili, akainyanyua, akamtazama Zuwena karibu kabisa, kama hajawahi kumtazama, kisha akashuka nayo mwenyewe. Akaibeba katikati ya wanawake wote, mpaka mbele ya kiti cha Shukriya, akasimama hapo, amewashika wale watatu kifuani, uso kwa uso naye.

"Huko kwenu Jalan," aliuliza Bi Ghaniya kwa Kiswahili, "mna msumari?"

Shukriya alimtazama yeye. Akaitazama picha, safari hii waziwazi: ndevu nyekundu, mtoto, mwanamke wa ushungi na mstari wake ulionyooka. Aliitazama mpaka watu wakaanza kujikuna. Nyuma yake walikaa mawifi zake na wake za mashemegi zake wa Jalan, waliomjua umri wote wa ndoa yake na wengi wao hawakuwahi kumsikia akisema Kiswahili.

"Hatuna," alijibu Shukriya kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mpaka majlisini. "Uje nao. Na nyundo uje nayo, uupigilie mwenyewe."